Homa ya Kubebeana

Saa mbili asubuhi moyo wa Asajile Mwaipaja ulikuwa ukisukuma nje asilimia thelathini na nane ya damu iliyoujaza. Saa nne ulisukuma thelathini na moja. Moyo mzima husukuma sitini, na moyo unaopoteza saba kwa saa mbili haungoji kesho. Daktari Tumpale Mwasomola alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hiyo. Hakuhitaji mtu wa kumfasiria tarakimu.

Aliandika ombi lake kwa mara ya pili: kukata vipande vitano vya msuli wa moyo kupitia mshipa wa shingo, vikatazamwe kwa darubini. Akabonyeza. Juu ya kitanda, mkono wa chuma wa upasuaji, uliokunjwa darini, haukutikisika. Ukutani, kwenye kioo, Mhakiki, mashine inayoidhinisha kila tiba, akajibu kwa maandishi yale yale ya asubuhi:

*Chanzo kinajulikana. Virusi vilipatikana katika damu ya mgonjwa siku kumi na tisa zilizopita, pamoja na homa ya nyuzi 39.6. Uvimbe wa msuli wa moyo unaofuata homa ya virusi kwa kawaida hupoa wenyewe. Kutoboa moyo hakuruhusiwi. Steroidi haziruhusiwi. Endelea na mapumziko, dawa za kuupunguzia moyo mzigo, na uangalizi.*

"Kanuni ya Kumi na Moja," alisema muuguzi Bupe, akibadilisha chupa ya dripu. "Aliyeitunga angekuwa hapa leo, dokta, ningempa yeye kitanda hiki."

"Yuko hapa," alisema Tumpale. "Niliitunga mimi."

Bupe akaishika ile chupa kama mtu aliyesahau inakwenda wapi.

Aliitunga miaka kumi na minne iliyopita, baada ya kijana wa miaka kumi na tisa kutobolewa moyo na daktari aliyetaka kuona kwa macho jambo ambalo vipimo vilikwisha kusema. Kijana alikufa kwa tundu lisilozidi unene wa sindano ya kushonea. Tumpale hakuijutia kanuni hiyo. Ilikuwa kanuni nzuri yenye mguu mmoja: kumbukumbu za mgonjwa ziwe za kweli. Na kumbukumbu zilitoka kwenye kidani, kile kifaa cha ukubwa wa kitufe cha koti ambacho kila mfanyakazi wa visima vya mvuke hapa Rungwe alibandikwa chini ya mtulinga siku aliyoajiriwa. Kidani kilipima mapigo, joto na damu usiku na mchana. Kilifungua mlango wa bweni na lango la kisima. Kule chini, kilomita nne ardhini, ndani ya mavazi ya joto yaliyofunika uso, kidani ndicho kilichokuwa jina la mtu.

Tumpale akavuta karibu michoro miwili ya umeme wa moyo. Wa kwanza ulikuwa wa wiki ya homa, kama kidani cha Asajile kilivyouhifadhi. Wa pili ulikuwa wa leo. Leo umeme ulikuwa ukikawia kushuka kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini, na mara nne tangu asubuhi vyumba vya chini vilikuwa vimepiga mbio bila kuulizwa. Virusi huweza kufanya hivyo. Lakini mchoro wa wiki ya homa ulikuwa na kinundu, kidogo, kila pigo, mahali pale pale. Leo kinundu hakikuwepo. Akafungua mchoro wa siku Asajile alipoajiriwa, uliopimwa hapa hospitali kwa mkono kabla hajabandikwa chochote. Nao haukuwa na kinundu.

Moyo una mwandiko. Ugonjwa unaweza kuuharibu mwandiko, unaweza kuuongezea mikwaruzo. Lakini hauwezi kumkopesha mtu kinundu kwa siku kumi halafu ukakirudisha kilikotoka.

Aliinamia kitanda. "Asajile. Siku kumi na tisa zilizopita, kidani chako alikivaa nani?"

Asajile alikuwa na miaka ishirini na tisa na midomo ya rangi ya majivu. Alipumua mara mbili kabla ya kujibu.

"Mimi."

"Moyo ulioandika mchoro huu si wako."

"Homa ilikuwa yangu, dokta. Ndivyo ilivyoandikwa."

Tumpale alihisi hasira ikipanda taratibu, ya baridi, kama maji yanayopanda ndani ya kisima. Aliiacha ipande. Hasira haikuwahi kumzuia kuhesabu.

*

Kikosi cha Asajile kilikuwa kwenye ukumbi wa kusubiri: watu watano, wameloa mvua ya Tukuyu hadi mifupani. Walisimama wote ingawa viti vilikuwepo. Mkuu wao, Gwakisa, mzee wa miaka hamsini na minane mwenye shingo kama kisiki, alivua kofia alipomwona daktari akija anasukuma kigari. Juu ya kigari palikuwa na mashine ya zamani ya kupimia moyo, ya nyaya na karatasi, ambayo Bupe aliitoa stoo na kuipangusa vumbi kwa kanga.

"Anaendeleaje mtoto wetu, mama?"

"Anakufa," alisema Tumpale. "Labda leo. Nahitaji kujua homa iliyoko kwenye jina lake ilikuwa ya nani."

Hakuna aliyetazama mwenzake, na jambo hilo lilimwambia mengi.

Akawaeleza kwa maneno machache. Msuli wa moyo wa Asajile umevimba. Uvimbe huo una wazazi wengi. Ukiletwa na virusi, mgonjwa hupumzishwa, na dawa za kuzima kinga ya mwili zinaweza kumdhuru, maana kinga ndiyo inayopigana. Lakini uko uvimbe wa aina nyingine, wa nadra, ambao kinga yenyewe imegeuka na kuutafuna moyo wa mwenyewe. Huo hauponi kwa kupumzika. Hutafuna wiki moja, mbili, halafu basi. Dawa yake ni kuizima kinga, mapema na kwa nguvu. Magonjwa mawili, dalili zile zile, tiba zinazopingana. Kipande cha moyo chini ya darubini ndicho kinachoyatenganisha, na Mhakiki hatatoa ruhusa ya kukata kipande maadamu jina la Asajile lina virusi.

"Kama homa haikuwa yake," alimaliza, "nirekebishe kumbukumbu, na mkono utafunguka. Lakini Mhakiki hapokei sahihisho lisilo na jina la mvaaji. Nimejaribu kuacha nafasi wazi. Amekataa."

Gwakisa alikuwa akiizungusha kofia yake taratibu. "Sheria inasemaje, mama, kuhusu watu waliobadilishana vidani?"

"Unaijua."

"Nataka uitamke wewe. Ninyi mlioandika mnapenda sisi ndio tuitamke."

"Kikosi kizima kinafukuzwa. Maisha."

"Ahaa. Na mtu mmoja akipatwa na homa mbili ndani ya miaka mitano?"

"Anafukuzwa. Peke yake."

"Homa mbili!" Sauti ya mzee ilipanda ghafla hata mlinzi wa mlangoni akageuka. "Hapa Rungwe! Kwenye baridi hii, watu sita tunalala chumba kimoja! Mimi huyu nimeugua homa tisa tangu niingie kisimani. Tisa! Unadhani ziko wapi?" Akajishika, akashusha sauti. "Tuseme tu. Ni mfano. Tuseme watu wanafanya kazi pamoja, na mwenzao ana homa moja kwenye jina, na ya pili imemshika. Na yuko mwingine, jina lake jeupe. Huyo mwenye jina jeupe atafanyaje? Atakaa amtazame? Anampa kidani chake, alale bwenini siku zake kumi kwa jina hilo. Yeye anashuka kisimani kwa jina la mgonjwa. Sisi tunaita kubebeana. Kila mtu anabeba moja ya mwenzake. Hakuna wizi hapo."

"Hakuna wizi," alisema Tumpale. "Kuna mtu amelala mle ndani na ugonjwa wake umefichwa chini ya ugonjwa wa mtu mwingine. Mmembebesha homa, sasa inamuua bila hata kumgusa."

"Sisi? Kidani nani alikipa mamlaka? Mimi sijui kusoma mioyo, mama. Wewe unajua. Ulikaa kwenye kamati yenu ukaandika kwamba kitufe kinasema kweli. Hukuja kutuuliza tunaishije."

Lilikuwa jambo la kweli. Tumpale alizinyoosha nyaya za mashine. "Nani atapimwa?"

"Hakuna."

Mwanamke aliyekuwa nyuma, mfupi, mwenye mikono mipana ya mtu wa mabomba, alianza kufungua vifungo vya koti lake.

"Nsekela!" alisema Gwakisa.

"Napimwa moyo, tata," alisema, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Sijasema neno."

Alikaa. Tumpale akabandika nyaya. Karatasi ikatoka taratibu ikinguruma, na kila baada ya pigo kikatokea kinundu, kidogo, mahali pale pale.

Nsekela alikitazama kama mtu anayetazama picha yake ya utotoni. Halafu akafunga vifungo vyake vyote, mpaka cha shingoni.

"Nimepimwa kama mgonjwa wako," alisema. "Karatasi hiyo ni siri yangu na wewe. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Ukiitoa bila ruhusa yangu umevunja kiapo chako."

"Ndiyo. Unaniruhusu?"

Nsekela aliwatazama wenzake mmoja mmoja: wawili vijana, mmoja mwenye mimba ya miezi minne, na Gwakisa. "Ingekuwa yangu peke yangu ningekupa sasa hivi. Nimekupa moyo wangu umesoma, umeridhika. Lakini nikisema ndiyo, natoa watu sita. Kamuulize Asajile. Moyo ni wake."

*

"Hapana," alisema Asajile.

Tumpale alikuwa amevuta kiti. Moyo ulikuwa kwenye ishirini na nane sasa, na miguu ya mgonjwa ilikuwa ya baridi.

"Umeelewa nilichokueleza?"

"Nimeelewa. Nikate ukitaka. Hata leo. Lakini jina la Nsekela usilitaje."

"Bila jina sikukati. Mkono haufunguki."

"Basi umenisikia."

"Asajile, kama ni ule uvimbe wa pili, huna wiki."

"Una uhakika ndio wenyewe?"

Alikuwa amezoea wagonjwa wanaouliza swali hilo wakitafuta faraja. Huyu alikuwa akitafuta upenyo.

"Sina," alisema. "Mwendo wake unafanana. Mapigo yanafanana. Uhakika uko kwenye kipande."

"Kwa hiyo unataka niwauze watu sita kwa kitu usichokijua."

"Kwa kitu ninachoweza kukijua ndani ya saa mbili!" Alijisikia amepaza sauti, na akachukia kujisikia. "Unafikiri unafanya uungwana? Uungwana ungekuwa kuniambia ukweli juzi, ulipoletwa unatembea. Umelala hapa siku mbili unamdanganya mtu pekee anayeweza kukutibu, na kila saa uliyodanganya imekula msuli. Hauoti tena, huo. Msuli ukishakufa panabaki kovu."

"Nisikilize na wewe basi," alisema Asajile. Alizungumza kwa vipande, akipumua katikati. "Nsekela alinivuta kutoka kwenye bomba lililopasuka. Mwaka juzi. Mkono wake wa kushoto hausikii moto mpaka leo. Homa yake niliibeba kwa hiari. Hakunilazimisha mtu. Kitu cha hiari hakirudishwi kwa sababu kimekuwa kizito."

"Kimekuwa cha uongo."

"Kwako wewe." Akafumba macho. "Andika. Homa ilikuwa yangu."

Hakuandika. Alikuwa bado ameketi, kalamu mkononi, anatafuta sentensi ambayo ingekuwa kweli na bado isimuue mtu, kioo kilipolia. Vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vikipiga. Vya chini havikusikia. Sekunde nne. Sita. Asajile alifungua macho, akayageuza juu, akalegea.

Bupe alikuwa kifuani kwake kabla Tumpale hajasimama. Waliukandamiza moyo kwa mikono, wakapitisha waya kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, wakaukamata mdundo kwa umeme wa nje. Kwa hilo Mhakiki hakuwa na pingamizi. Dakika kumi na moja. Kisha pampu ndogo, nyembamba kama penseli, iliyoingizwa mshipani imsaidie kusukuma. Moyo ulirudi. Mtu mwenyewe hakurudi; alilala na mrija kooni, na hakukuwa na mtu wa kuuliza tena.

Tumpale alitoka kwenda ukumbini akiwa bado na glavu.

"Moyo umesimama, tumeurudisha. Ukisimama tena sidhani kama tutauweza." Alimtazama Nsekela peke yake. "Nakuuliza mara ya mwisho."

Nsekela alifungua mdomo. Yule mwenye mimba alikuwa amekaa chini, sakafuni, mikono tumboni. Nsekela akaufunga mdomo.

"Mwache mwanangu afe kwa amani na jina safi," alisema Gwakisa. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyapangusa. "Usitufanye tumuue sisi, wala usitufanye tumwokoe hivyo."

"Simfanyi mtu kitu. Naandika."

"Sijakuruhusu," alisema Nsekela.

"Najua. Hilo nalo nitaliandika."

Akaliandika. *Mvaaji halisi wa kidani katika siku za homa: Nsekela, wa kikosi hicho hicho. Ushahidi: mchoro wa moyo uliopimwa leo saa sita kasoro robo kwa siri ya mgonjwa. Umetolewa bila ruhusa yake. Aliyeutoa: Dk. T. Mwasomola.* Alisoma mara moja, akarekebisha nukta moja, akabonyeza.

Juu ya kitanda mkono wa chuma ukajikunjua, taratibu, bila kelele.

*

Kwenye darubini hakukuwa na ubishi. Nyuzi za msuli zilikuwa zimekatika, zimetawanyika kama mahindi yaliyopitiwa na ng'ombe, na katikati yake zilikaa seli kubwa za kinga, kila moja na viini kumi, kumi na vitano, zimekumbatiana na vipande vya kile zilichokuwa zikila. Hapakuwa na virusi. Saa nane na nusu steroidi ya kwanza iliingia mshipani, na baada yake siklosporini, nayo ya kuzima kinga.

Saa tisa vidani vya watu sita vilizimika kwa pamoja.

Tumpale aliona kupitia dirisha. Lango la bweni lilikuwa limekataa kufunguka, na mlinzi alikuwa akiwatolea mizigo yao kupitia dirisha la jikoni, begi moja moja, mvua inanyesha. Gwakisa alizipanga begi juu ya jiwe ili zisilowe chini. Hakugeuka kutazama hospitali hata mara moja.

Jioni ile Tumpale aliandika waraka wa kurasa tatu. Alionyesha kwamba sheria ya homa mbili inawafundisha watu kuficha homa. Kwamba kwa hiyo kidani hakijui kinampima nani. Kwamba Kanuni ya Kumi na Moja, iliyosimama juu ya kidani, haina mguu. Na kwamba mtunzi wa kanuni anaomba ifutwe, na kikosi kirudishwe, kwa kuwa kosa lao halikuwezekana bila kosa lake. Aliutuma kwa wakuu wa visima na kwa kamati yake ya zamani. Jibu lilikuja kabla hajavua koti. *Imepokelewa.* Chini yake palikuwa na jibu la pili, refu zaidi, likimwita kujieleza kuhusu siri ya mgonjwa.

Alipiga ngumi mezani. Darubini ikaruka. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, na haikusaidia kitu.

*

Siku ya tisa Asajile aliketi. Pampu ilikuwa imetolewa. Moyo ulisukuma thelathini na sita bila msaada. Hapo ungeweza kubaki, au kupanda kidogo. Tumpale alimweleza hivyo hivyo, bila kupunguza wala kuongeza: miezi sita bila kunyanyua kitu wala kukimbia, vipimo kila wiki, na vidonge asubuhi na jioni kwa miaka, pengine maisha. Ukiviacha, zile seli zinarudi.

Asajile alisikiliza mpaka mwisho. Akagusa chini ya mtulinga wake. Palikuwa na duara la ngozi nyeupe.

"Wako wapi?"

"Wamefukuzwa. Wote sita, na wewe ukiwemo."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Na Nsekela naye alikukataza?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo uliwasikia watu wawili kwa masikio yako mawili." Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na mrija, lakini hasira ilikuwa nzima. "Sisi tulidanganya ili mtu asiumie. Wewe ulisema kweli ukaumiza sita. Halafu unasimama hapo, unanisomea asilimia."

Bupe alileta kikombe cha maji na vidonge viwili kwenye kisahani. Asajile akakisukuma kisahani. Kidonge kimoja kikadondoka shukani.

"Sitaki."

"Una haki ya kukataa," alisema Tumpale. "Nitakueleza kitakachotokea."

"Umeshanieleza. Sitaki."

Mlango ukafunguka. Mlango ule haukumfungulia mtu asiye na kidani. Bupe alikuwa ameuwekea tofali asubuhi, na alipoona daktari analitazama lile tofali akajishughulisha na mapazia. Nsekela aliingia na viatu vyenye tope. Hakumsalimu daktari. Alisimama kando ya kitanda akamtazama Asajile usoni, kifuani, tena usoni.

"Nimekuwa nje hapo tangu saa moja. Nimesikia yote."

"Nsekela, mimi sikusema. Naapa sikusema."

"Najua hukusema. Meza."

"Sikutaka apone mtu mmoja kwa—"

"Nilikuuliza ulitaka nini?" Akakiokota kidonge shukani, akakipuliza, akakirudisha kwenye kisahani. "Tata Gwakisa anauza ndizi sokoni kwa sababu ya moyo huo. Mimi sina pa kulala kwa sababu ya moyo huo. Huo si wako peke yako tena, na hatukufukuzwa ili wewe ususe. Meza, Asajile, kabla sijakutia mkono kooni."

Asajile alianza kulia, bila sauti, kwa hasira. Akavichukua vidonge, akaviweka mdomoni. Nsekela akamshikia kikombe kwa mkono ule wa kushoto usiosikia moto, mpaka alipoona koo limepanda na kushuka.

"Nsekela," alisema Tumpale. "Nataka kukuambia—"

"Wewe usiniongeleshe."

Tumpale akatoa kalamu. Akaandika kwenye chati saa ya dozi. Ilikuwa saa tatu na dakika nne. Nsekela alivuta kiti, akaketi, akamgeuzia mgongo, akauliza ukuta dozi ya pili ni saa ngapi.

"Saa tatu usiku," alisema Tumpale.

"Nitakuwepo," Nsekela akaujibu ukuta.